Wasomaji Wanauliza: Espreso ya Nyumbani, Kinu Kwanza Mashine Baadaye

Tangu safu hii ilipozungumzia kahawa ya kuchuja, barua nyingi zilizotufikia zimehusu espreso: mashine zinazouzwa sasa mijini, birika za moka, vifaa vya kusukuma kwa mkono, na aina za kahawa zinazofaa. Tumechagua sita na kuzifupisha kidogo.

Mhariri, salaam. Nimenunua mashine ya espreso ya umeme ambayo boksi lake limeandikwa “baa 15”. Ninatumia kahawa ya Kilimanjaro iliyosagwa tayari, ya dukani. Kahawa inatoka kwa kasi mno, nyepesi, haina povu, na ladha yake ni chachu na chungu kwa wakati mmoja. Jirani ananiambia ni kwa sababu mashine ni ya bei nafuu. Je, niiuze nitafute kubwa zaidi?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, usiiuze. Kwa maelezo uliyoyatoa, hakuna dalili kwamba mashine yako ina ubovu. Tatizo liko kwenye unga unaoutia ndani yake.

Espreso hupatikana kwa kuyasukuma maji yenye joto la kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi yapite kwenye unga laini ulioshindiliwa, kwa shinikizo la takriban baa 9, yaani karibu mara 9 ya mgandamizo wa hewa ulioko pwani. Shinikizo hilo haliletwi na pampu peke yake. Pampu husukuma, lakini lazima kuwe na kitu cha kuyazuia maji, na kizuizi hicho ni unga wenyewe. Unga ukiwa na chenga kubwa, maji hupenya bila kukutana na upinzani wowote wa maana, na hata ungekuwa na pampu kubwa kuliko zote mjini, ndani ya kichujio shinikizo lingebaki dogo. Hiyo 15 ya kwenye boksi ni uwezo wa mwisho wa pampu pale maji yanapozuiwa yasitoke kabisa. Haina maana kwamba kahawa yako inapikwa kwa baa 15, na wala usingependa iwe hivyo. Wauzaji wanaipenda kwa sababu ni kubwa kuliko 9.

Mashine za mwanzo za Italia, ile aliyoisajili Angelo Moriondo mjini Torino mwaka 1884 na ile ya Luigi Bezzera wa Milano ya mwaka 1901, zilitegemea mvuke, na shinikizo lake lilikuwa dogo sana likilinganishwa na la leo. Povu la hudhurungi ambalo watu huliona kuwa ndiyo alama ya espreso lilikuja katika miaka ya 1940, baada ya Achille Gaggia kuachana na mvuke na kutumia wenzo na springi kuyasukuma maji. Pampu ya umeme ilichukua nafasi ya mkono kwenye mashine ya Faema E61 ya mwaka 1961. Nimeyataja haya kwa sababu baa 9 tunazozizungumzia zilipatikana kwanza kwa nguvu za mkono wa mhudumu, na mashine ya kawaida ya nyumbani inazifikia bila shida mradi ipewe unga unaostahili.

Kahawa iliyosagwa tayari, kwa kawaida, husagwa kwa ajili ya kuchuja au kuchemsha, hivyo chenga zake ni kubwa mno kwa espreso. Pia imekwisha kupoteza hewa. Kahawa inapokaangwa, gesi ya kabonidayoksaidi hunaswa ndani ya punje, na gesi hiyo ndiyo inayochanganyika na mafuta ya kahawa chini ya shinikizo na kutoa povu. Punje nzima huitunza gesi hiyo kwa majuma kadhaa, ilhali unga huipoteza kwa muda mfupi sana.

Kabla hujatumia fedha yoyote, chomoa kichujio kwenye mpini wake, kigeuze, utazame chini. Ukiona matundu madogo mengi yaliyoenea kote, hicho ni kichujio cha ukuta mmoja, ambacho kinahitaji unga uliosagwa laini na kwa usawa. Ukiona tundu moja tu katikati, hicho ni cha kuta mbili: matundu mengi yako ndani, lakini kahawa yote hulazimika kutokea kwenye hilo tundu moja, na tundu hilo ndilo linalotengeneza upinzani ambao unga umeshindwa kuutengeneza. Mashine nyingi za nyumbani huja na vyote viwili. Kwa kahawa ya dukani tumia cha kuta mbili. Utapata kahawa nzito kiasi na povu la kuridhisha macho, ingawa povu hilo hutokana zaidi na tundu kuliko kahawa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo, fedha ambayo ungeiongeza kununua mashine kubwa itie kwenye kinu. Sisemi blenda ya jikoni, kwa sababu visu vyake hukatakata punje ovyo na kuacha vumbi na mapande makubwa pamoja, na matokeo yake ni hayohayo unayoyalalamikia: vumbi linatoa uchungu, mapande yanatoa uchachu, na vyote vinaingia katika kikombe kimoja. Kinachotakiwa ni kinu chenye meno mawili ya chuma yanayosagana, ambacho umbali kati ya meno hayo unaweza kurekebishwa kwa hatua ndogo ndogo. Cha kuzungusha kwa mkono kinatosha kabisa kwa nyumba yenye wanywaji wawili au watatu, na kwa fedha ileile huwa bora kuliko cha umeme, kwa kuwa hukulipia mota. Fedha ikibaki, nunua mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu.

Ukishakuwa navyo, pima unga kadiri kichujio chako kinavyobeba. Vingi vya nyumbani hubeba kati ya gramu 14 na 18. Tuseme umeweka 16. Ukoroge taratibu kwa sindano nyembamba ili kuvunja mabonge, usawazishe, kisha ushindilie. Watu hubishana sana juu ya nguvu ya kushindilia, lakini jambo kubwa ni uso wa unga kuwa sawa pande zote. Ukiinama upande mmoja, maji yatajitafutia njia upande ule mwepesi na kuuacha upande mwingine karibu haujaguswa. Weka kikombe juu ya mizani, washa, na uanze kuhesabu muda. Lengo la kuanzia ni kahawa yenye uzito mara mbili ya unga, yaani gramu 32, ndani ya sekunde 25 hadi 30. Zikitoka ndani ya sekunde 12, saga laini zaidi. Zikichukua sekunde 50 huku zikidondoka tone tone, saga kwa chenga kubwa kidogo. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua ni kipi kilichosaidia. Ukishafika kwenye muda huo, weka saa kando na uonje, maana kuanzia hapo ulimi ndio unaoamua: kahawa ikiwa chachu na nyembamba, saga laini zaidi au iache itoke nyingi zaidi, ikiwa chungu na yenye kukausha mdomo, fanya kinyume chake.

Kwako mwandishi wa safu. Umeme wetu hukatika mara kwa mara, kwa hiyo nilinunua kifaa cha espreso cha wenzo, cha kusukuma kwa mikono. Kinu ninacho, kizuri. Ninatumia kahawa ya Kirinyaga daraja la AA iliyokaangwa kidogo, lakini espreso inatoka chachu kiasi cha kukunja uso. Nimesaga laini hadi mikono inauma. Je, daraja la AA halifai kwa espreso?
*Msomaji, Kasarani, Nairobi*

Dada (au kaka, hukutuambia), tuanze na hilo la AA. Herufi hizo hueleza ukubwa wa punje baada ya kuchekechwa. AA ni kubwa kuliko AB, na PB ni zile punje za mviringo ambazo hukua moja tu ndani ya tunda badala ya mbili. Ukubwa hausemi lolote la moja kwa moja kuhusu espreso, na nimewahi kunywa AB iliyoishinda AA ya kiwanda kilekile. Kwa hiyo daraja halina hatia.

Uchachu unaousikia una asili mbili. Ya kwanza ni kahawa yenyewe. Aina za SL28 na SL34, ambazo zimeenea sana katika mashamba ya Kenya, zikipandwa katika miinuko ya karibu na Mlima Kenya na kuoshwa kwa utaratibu wa kule, hutoa kahawa yenye ukali wa matunda ambao wanunuzi wa dunia nzima huulipia bei ya juu. Katika kahawa ya kuchuja ukali huo ni raha. Katika espreso, ambamo kila kitu kimekusanywa kwenye mililita chache, unaweza kuzidi. Punje iliyokaangwa kidogo pia ni ngumu na haiachii ladha yake kwa urahisi, na vinavyotangulia kutoka ni vile vichachu, utamu ukifuata nyuma.

Asili ya pili, ambayo ninaishuku zaidi, ni joto. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700 na zaidi, na katika mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, wala hayafiki 100. Mashine ya umeme yenye tangi lililofungwa haisumbuliwi na jambo hili, lakini wewe unamimina kutoka kwenye birika ndani ya silinda ya chuma ambayo, kama haijapashwa moto, huyanyang'anya maji nyuzi kadhaa papo hapo. Unga unaweza kuwa unakutana na maji ya nyuzi 80 na kitu. Ushauri wa kuyaacha maji yapoe kidogo baada ya kuchemka, ambao unausoma kila mahali, uliandikwa na watu wa nchi tambarare. Wewe usiyaache yapoe hata kidogo. Ichovye silinda katika maji yanayochemka, au iweke juu ya mdomo wa birika ipigwe na mvuke kwa dakika mbili tatu, kisha mimina maji yakiwa yanatokota.

Baada ya hapo badilisha kipimo. Kwa kahawa ya namna hiyo, uwiano wa moja kwa mbili ni mfinyu. Nenda moja kwa mbili na nusu, au hata moja kwa tatu, yaani unga gramu 16 na kahawa gramu 40 hadi 48. Anza kwa kusukuma polepole, kwa nguvu kidogo tu, hadi matone ya kwanza yaonekane chini ya kichujio. Subiri sekunde 5 hadi 10 unga wote uloe, ndipo uongeze nguvu. Hapo ndipo wenzo unapoishinda mashine nyingi za umeme za bei ya kati, kwa sababu mkono wako unaweza kupunguza shinikizo kadiri unga unavyolegea, jambo ambalo mashine hizo haziwezi. Wala usilazimishe baa 9. 6 zinatosha kwa kahawa hiyo, na mikono yako itapumzika.

Mwisho, angalia tarehe ya kukaangwa. Ikiwa ni ya juzi, ipe siku 10 kwenye mfuko uliofungwa, kwa kuwa gesi nyingi kupita kiasi huyasukuma maji pembeni yasishike unga sawasawa. Ikiwa umefanya yote hayo na bado ni chachu, basi mwombe mkaangaji wako aikaange hadi kiwango cha kati. Kuna watu ambao ulimi wao haupokei espreso ya kahawa iliyokaangwa kidogo, nami ni mmoja wao siku nyingi.

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale na nimekulia kwenye kahawa chungu ya dele. Mwanangu ameniletea birika la moka kutoka Italia. Naliweka kwenye gesi, linatoa kahawa nusu tu, halafu linapiga kelele na kurusha, na kahawa inanuka kuungua. Nikitia tangawizi ndani ya unga ndiyo inazidi. Nifanyeje, na je, hii ni espreso?
*Msomaji, Mombasa*

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Nitaanza na swali la mwisho. Moka, iliyobuniwa na Alfonso Bialetti mwaka 1933, husukuma maji kwa nguvu ya mvuke na hewa iliyofungiwa chini, na shinikizo lake halizidi baa 1 au 2. Kwa hiyo si espreso kwa maana kamili, na povu lake ni dogo na hutoweka upesi. Lakini Waitaliano wengi hunywa moka nyumbani na espreso mkahawani, bila kuona kwamba moja ni ya chini ya nyingine, na kwa mtu aliyezoea kahawa chungu ya pwani, moka iko karibu zaidi na anachokipenda.

Kelele na kurusha ni dalili ya moto mkali na ya kulichelewesha birika motoni. Chemsha maji kando, uyatie chini hadi usawa wa chini kidogo wa valvu ya usalama, ile ya shaba iliyo ubavuni, wala usiifunike valvu hiyo. Ukitia maji baridi, unga ulioko juu yake hukaa ukiokwa muda wote yanapopata moto, na hiyo ndiyo harufu ya kuungua unayoisikia. Jaza unga hadi ukingoni, usawazishe kwa kidole, usishindilie. Hakikisha hakuna chembe kwenye raba, kisha funga kwa nguvu huku umeshika sehemu ya chini kwa kitambaa, maana itakuwa ya moto. Birika likiwa halifungi sawasawa, mvuke hutorokea pembeni, na hapo ndipo unapopata kahawa nusu. Tumia jiko dogo la gesi na moto usiotambaa nje ya kitako. Uache mfuniko wazi utazame: kahawa itapanda kwa utulivu, nyeusi kwanza, kisha rangi ya asali. Ikianza kupauka na kutoa mapovu, toa birika motoni, uchovye kitako chake kwenye bakuli la maji baridi, na umimine kwenye vikombe palepale. Kiasi kidogo cha maji kitabaki chini, na ndivyo inavyotakiwa.

Tangawizi usiichanganye na unga. Vumbi la tangawizi huvimba likiloa na kuziba kichujio, na birika lililoziba ni hatari, kwa kuwa njia pekee inayobakia ni ile valvu. Iponde tangawizi mbichi, uichemshe na maji kidogo hadi yawe makali, uyachuje, utie kijiko kimoja kwenye kikombe. Iliki ni rahisi zaidi: ivunje punje mbili, uziweke kwenye chumba cha juu cha birika kabla ya kuwasha moto, na kahawa itazipitia inapopanda. Kashata haihitaji maelezo yangu.

Ndugu mwandishi, sisi huku tunalima robusta, na nyumbani tunakaanga wenyewe. Kijana mmoja anayefanya kazi katika hoteli aliniambia robusta haifai kwa espreso, kwamba lazima iwe arabika, ile aina nyingine ya kahawa. Ni kweli?
*Mkulima, Bukoba*

Si kweli, na kijana huyo angeshangaa kujua ni mara ngapi amewauzia wageni robusta bila kutambua. Michanganyiko mingi ya kijadi ya Italia, hasa ya kusini, ina robusta ndani yake, kwa sababu inalipa povu unene unaodumu na kinywaji uzito ambao arabika peke yake haiwezi kuutoa. Sifa mbaya ya robusta ilitokana na mbuni uliovunwa mbichi na mbivu pamoja, ukaanikwa chini kwenye udongo, ukauzwa kwa viwanda ambavyo havikujali ladha. Ninyi wa Kagera mlikuwa na robusta, mkiitafuna na kuipa nafasi katika heshima za nyumbani, muda mrefu kabla mashine ya espreso haijabuniwa, kwa hiyo hamhitaji ruhusa ya hoteli.

Yako mambo mawili ya kuzingatia. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, hivyo kikombe cha usiku hakifai. Pia uchungu wake huja upesi, kwa hiyo usifuate vipimo nilivyompa msomaji wa Nairobi. Wewe fanya kinyume. Tumia maji ya nyuzi 88 hadi 90 ikiwa mashine yako inaruhusu, saga kwa chenga kubwa kidogo, na uikate mapema, uwiano wa 1 kwa 1.5, yaani unga gramu 16 na kahawa gramu 24. Vuna matunda mekundu tu, yaanike juu ya vichanja, na unapokaanga kwenye kikaango usifikishe kwenye weusi unaong'aa mafuta. Ukianza kusikia mlio wa pili, ule mwembamba na wa haraka unaofuata baada ya milio mikubwa ya kwanza, epua na uipoze mara moja kwa kuipepeta. Ukipata arabika ya Karagwe au ya Kilimanjaro, changanya sehemu 4 za arabika kwa 1 ya robusta, kisha uongeze robusta taratibu hadi upendapo. Binafsi husimama kwenye sehemu 3 kwa 1.

Mimi ni dada ninayeishi Muscat. Espreso yangu sasa ni nzuri, lakini maziwa yananishinda. Nataka kapuchino yenye maziwa laini, napata mapovu makubwa juu na maziwa matupu chini. Mashine yangu ina mrija mmoja wa mvuke na tangi moja.
*Msomaji, Muscat*

Dada, mashine yenye tangi moja hupika kahawa kwa nyuzi 90 na kitu na hutoa mvuke kwa zaidi ya 100, kwa hiyo baada ya kahawa kutoka lazima uisubiri ipande. Wengi hawasubiri, mvuke unatoka na maji ndani yake, na maziwa yanalowa badala ya kuvimba. Subiri hadi taa iwake, kisha fungua mrija kwenye kitambaa kwa sekunde chache hadi maji yaishe na ubaki mvuke mkavu.

Tumia maziwa yenye mafuta kamili, yaliyotoka kwenye friji, katika jagi la chuma lisilojazwa zaidi ya nusu. Hewa huingizwa mwanzoni tu: ncha ya mrija iguse uso wa maziwa, usikie mlio mfupi mfupi wa kuchanika kwa karatasi, kwa sekunde 3 hadi 5 kwa kapuchino, na pungufu ya hapo kwa late, ile kahawa ya maziwa yenye povu jembamba. Kisha zamisha ncha kidogo, uisogeze kando ili maziwa yazunguke kwa kasi, na uache mzunguko huo uyavunje mapovu makubwa. Mapovu yako yanabaki makubwa kwa sababu unaendelea kuingiza hewa hadi mwisho. Acha pale jagi linapokuwa la moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii kuligusa, yaani nyuzi 60 hadi 65. Ukipita 70, maziwa hupoteza utamu na kuanza kunuka ya kupikwa. Gonga jagi mezani mara moja, lizungushe hadi maziwa yang'ae, na umimine bila kukawia. Futa mrija papo hapo na uufungulie mvuke tena, kwa sababu mashine ikipoa huweza kuyavuta maziwa yaliyobaki kuyarudisha ndani. Baada ya kumaliza, pitisha maji kwenye sehemu ya kahawa hadi joto lishuke, la sivyo espreso inayofuata itatoka imeungua.

Nina maswali mawili mafupi. Kaka yangu aliyeko Minneapolis anataka kuniletea mashine yake ya zamani; itafanya kazi hapa? Na maji ya kisima chetu yana chumvi nyingi, birika la chai limeota ukoko mweupe. Mashine itapona?
*Msomaji, Dodoma*

Kuhusu mashine, mwambie kaka yako atazame kibandiko kilicho chini yake. Kikisema volti 120, ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za hapa, koili ya joto itavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyotengenezewa, nayo itaungua. Transfoma ya kushusha volti inaweza kuisaidia, lakini iwe ya wati 2,000 au zaidi, kwa kuwa mashine hizi hutumia wati 1,200 hadi 1,500, na transfoma za namna hiyo ni nzito na ghali. Tena transfoma haibadilishi mapigo ya umeme: Marekani ni hezi 60, kwetu ni 50, na pampu ya kutetemeka, iliyo katika mashine nyingi za nyumbani, hufuata mapigo hayo, hivyo itasukuma kwa ulegevu kidogo. Ningemwomba aiuze hukohuko na akuletee kinu kizuri cha mkono, ambacho hakiulizi volti.

Kuhusu maji, ukoko huo wa chokaa utajijenga ndani ya mirija ya mashine kama ulivyojijenga kwenye birika, ila huko hutauona hadi maji yakatae kupita. Kuchemsha hakutoshi, kwa kuwa huondoa sehemu tu ya chokaa na chumvi nyingine hubaki. Tumia maji ya chupa yenye madini machache, ambayo kiasi chake utakisoma kwenye lebo, au changanya maji ya kisima yaliyochujwa na maji ya mvua safi yaliyochemshwa. Maji yasiyo na madini kabisa nayo hayafai: kahawa huwa bapa, na baadhi ya mashine hutambua kiwango cha maji kwa kutumia madini hayo.

Kila baada ya miezi miwili au mitatu, yeyusha gramu 20 za asidi ya sitriki katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, isipokuwa kama kitabu cha mashine kinakataza kwa sababu tangi ni la aluminiamu. Pitisha nusu yake kwenye sehemu ya kahawa na kwenye mrija wa mvuke, zima mashine kwa dakika 20, kisha pitisha iliyobaki. Siki inafanya kazi hiyo pia, lakini harufu yake hung'ang'ania kwenye raba kwa siku nyingi. Suuza kwa matangi mawili mazima ya maji safi, na espreso ya kwanza baada ya usafi huo uimwage.